Wa Kumpokea Fundi

Kucha za mgonjwa zilikuwa zimekatwa.

Fundi aligundua hivyo jioni, alipokuwa akimkabidhi mdogo wake, Rangi, kikombe cha chai. Vidole vya Rangi vilitetemeka kama kawaida, maana dawa zake zilimfanya atetemeke, lakini kucha zilikuwa fupi na safi, zimekatwa karibu kabisa na nyama. Asubuhi zilikuwa ndefu na nyeusi. Fundi mwenyewe alikuwa amezitazama akajiambia kwamba leo hana nguvu za vita hiyo. Rangi hakupenda kushikwa mikono. Kumkata kucha kulitaka maneno matamu ya asubuhi nzima, na mara nyingi kuliishia kwa kitu kuvunjika.

"Nani kakukata kucha?"

Rangi alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, pale mlangoni. "Wewe," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Si wewe?"

Nyumba ile haikuwa na mtu wa tatu. Fundi alikuwa mshonaji, na chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na mama yao alikuwa amekigeuza duka: cherehani, meza ya kukatia, pasi, na makopo ya vifungo yaliyopangwa dirishani. Chumba cha nyuma, kinachotazama ua, kilikuwa cha mdogo wake. Kabla ya kuugua kijana huyo alikuwa mpaka rangi wa majumba, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Rangi, na alikuwa hodari kweli. Ugonjwa ulimwanzia kwenye kazi yake hiyo hiyo. Alisikia watu wakimteta ndani ya kuta alizozipaka, mpaka siku moja akabandua rangi ya chumba kizima cha watu kwa mikono mitupu ili awatoe nje.

Hospitali walimpa vidonge vya asubuhi na jioni, na sindano ya kila mwezi. Akivitumia vizuri alikuwa mtu mtulivu, wa kukaa uani na redio yake, akicheka mambo ya mpira. Lakini lazima awepo mtu wa kumpa hivyo vidonge, na kumwogesha, na kumbembeleza ale chakula ambacho leo kina sumu na kesho hakina, na kumrudisha nyumbani akitoka njiani bila shati. Mama yao ndiye aliyekuwa mtu huyo. Mama alipofariki, Fundi akawa mtu huyo. Mumewe alivumilia kwa muda, kisha akasema yeye alioa mtu mmoja, akaondoka kwa upole, akivuta mlango taratibu asimwamshe mgonjwa.

Ndugu walikuwapo, kwa namna ndugu wanavyokuwapo. Shangazi yao, mkubwa wa ukoo, alikuja mara mojamoja, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema haya ni majini na hospitali mnapotezewa muda, akaacha mfuko wa machungwa na kuwahi gari la jioni.

Fundi hakuogopa majini. Alichoogopa hakuwahi kumwambia mtu. Siku hizo alikuwa anasahau. Alitia chumvi mara mbili kwenye sufuria moja. Aliwahi kushona mkono wa gauni mahali pa shingo, na mwenye gauni akamuuliza kama siku ile alimpima yeye au pweza. Walicheka wote wawili, ila Fundi alipobaki peke yake alikaa akalitazama lile gauni mpaka giza likaingia. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande, sikio moja likiwa wazi daima upande wa chumba cha nyuma. Kwa hiyo alipoziona zile kucha, wazo lililomjia halikuwa la mgeni yeyote. Aliwaza kwamba amezikata yeye na amesahau. Aliwaza kwamba yeye na Rangi ni damu moja, na kilichomkuta mdogo wake sasa kinamjia yeye.

Akachukua kikombe kitupu akaenda kukiosha.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Alirudi kutoka kununua nyuzi akakuta mashuka ya mgonjwa yamefuliwa na kuanikwa uani, yamenyooshwa kwenye kamba bila kikunjo. Jirani, mwenye duka la vyombo, alimlalamikia kupitia ukuta kwamba amemsalimia wakati anaanika, naye akamtazama tu kama hamjui. Fundi aliomba radhi, akasema alikuwa na mawazo. Kisha akayasogelea mashuka akayanusa. Hayakunukia sabuni. Yalikuwa na harufu ya nguo iliyolowekwa kwenye ndoo ikasahaulika humo.

Mchana mwingine, akiwa kwenye cherehani, alisikia kandambili zake zikipita ukumbini kuelekea nyuma. Alizijua kwa mlio, maana mkanda wa mguu mmoja ulikuwa umekatika akaushikiza kwa waya, na kila alipotembea waya ulikwaruza sakafu. Pah, kwaru. Pah, kwaru. Aliinamisha kichwa taratibu, akatazama chini ya meza. Kandambili zake zilikuwa miguuni mwake.

Alikanyaga cherehani kwa nguvu ili mlio wake ufunike ule mwingine. Alishona mshono mrefu usiokwenda popote, kwenye kitambaa kisicho cha mtu.

Siku ya mvua alisikia sauti. Ilikuwa saa ya dawa. Alikuwa amechelewa na sare za shule, akainuka na bilauri ya maji mkononi, na alipofika kwenye mlango wa chumba cha nyuma akasikia ndani mtu anazungumza. Ilikuwa sauti yake. Si sauti ya kufanana. Yake mwenyewe, lakini ile ya zamani, ya kabla hajaanza kukaripia, laini, isiyo na haraka. Ilikuwa ikisema, "Meza, mdogo wangu. Meza moja tu. Haya, na nyingine." Na Rangi, ambaye kila siku aligoma mpaka machozi yakatoka, kwake au kwa dada yake, alikuwa kimya anameza.

Fundi alisimama pale na bilauri yake. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Angeusukuma kwa kidole. Nywele za shingoni zilimsimama, na ile harufu ya nguo zilizovunda ilimjia kupitia upenyo wa mlango. Hata hivyo, chini ya woga ule alisikia kitu kingine kikimpanda kifuani polepole, na ilimchukua muda kukitambua kwa sababu alikuwa hajakisikia kwa miaka. Kilikuwa nafuu. Kuna mtu anafanya. Leo si mimi.

Akageuka, akarudi kwenye cherehani yake.

Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine yote, kwamba aligeuka. Na si siku ile tu. Siku zilizofuata alifunga mlango wa duka na kufungua redio, akashona kuliko alivyowahi kushona. Wateja walisifu kazi yake. Jioni moja alilala tangu magharibi mpaka jua kuchomoza, akaamka akakuta mto umelowa mate kama wa mtoto. Mambo ya nyuma yalikwenda yenyewe. Mgonjwa alikuwa ameoga, amevaa, amechanwa nywele, amekalishwa kitandani mikono juu ya mapaja. Fundi alipochungulia aliona amekaa vizuri, akajilazimisha asione zaidi ya hapo.

Lakini Rangi alikuwa anakwisha. Mashavu yalimwingia ndani. Redio hakuigusa tena. Hakuongea na kuta wala hakucheka na mtu asiyeonekana, na hilo peke yake lilipaswa kumshtua dada yake, kwa sababu lilikuwa ukimya wa mtu anayejificha. Siku moja Fundi alipoleta chakula mwenyewe, Rangi alimshika mkono wa gauni akauvuta mpaka puani, akanusa.

"Ni wewe," alisema. Machozi yalimlengalenga. "Wewe unanuka pasi. Yule hanuki pasi."

"Yule nani?"

"Dada, usimtume tena. Njoo mwenyewe. Ukinipigia kelele sawa, nipigie. Ila njoo mwenyewe."

Fundi alitaka kumwambia maneno aliyomzoesha miaka yote: hakuna mtu, ni ugonjwa tu, umemeza dawa? Hakuweza. Rangi alikuwa amefungua kinywa kumwonyesha kitu. Juu ya ulimi wake mweupe kulikuwa na kidude cha mviringo, na Fundi alikinga kiganja kikaangukia humo. Kilikuwa kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne.

"Anasema nimeze," Rangi alinong'ona. "Nikitema ananishika pua."

Fundi alikwenda dukani akatazama dirishani. Kopo la vifungo vyeupe, alilolijaza mwenyewe kwa ajili ya sare za shule, lilikuwa limebaki na vichache chini. Akafungua kabati la dawa. Vidonge vilikuwa mle, katika pakiti zake, havijaguswa tangu siku ile ya mvua.

Alilifunga kabati. Alipogeuka, jua lilikuwa linazama na ukumbi umeanza kuingia giza, na kupitia mlango wa chumba cha nyuma aliona mgongo wa mwanamke. Alilijua gauni. Alikijua kilemba. Aliujua mkao ule wa bega la kushoto kulala kidogo, ulemavu wa kuinamia cherehani miaka mingi. Mwanamke yule alikuwa anakunja nguo za Rangi moja moja na kuzipanga kwenye mkoba, suruali juu ya suruali, shati juu ya shati, kama mtu anayemfungia msafiri mzigo, na Rangi alikuwa amejibanza kwenye kona ya kitanda amefumba macho.

"Umechoka," sauti ya Fundi ilisema, bila kichwa kile kugeuka. "Kapumzike. Kesho namaliza."

Fundi hakujua alipita vipi pale mlangoni. Alikumbuka tu kwamba alimshika mdogo wake mkono na kumkokota mpaka dukani, wakajifungia, wakaburuta meza ya kukatia wakaiegesha mlangoni. Akampigia Shangazi simu. Alikuwa amezoea kumwambia kwamba wazima, hawajambo, wanaendelea. Safari hii alisema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote tangu mama yake azikwe. Alisema, "Shangazi, njoo. Nimeshindwa."

Walikaa sakafuni migongo ukutani, Rangi akiwa amemlalia begani, na kule ng'ambo ya mlango kazi za nyumba ziliendelea, ufagio ukapita ukumbini ukarudi, ndoo ikaburutwa, vyombo vikaoshwa vikapangwa vikaoshwa tena, kandambili zikaja mpaka mlangoni zikasimama na kusikiliza kisha zikaenda zao, pah, kwaru, na kila zilipokwenda Fundi alishusha pumzi na kila ziliporudi aliikata, mpaka hakujua tena kama anayepumua ni yeye au ni yule wa nje anayepumua naye kwa pamoja, na hivyo ndivyo walivyopambazukiwa.

Shangazi alifika asubuhi na mganga. Alikuwa amemtafuta kwa sifa, na ilionekana wazi kwamba sifa na mtu havikulingana, kwani mganga mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa makamo, fundi wa redio kwa kazi yake ya kila siku, asiye na kibuyu wala mkoba, ila leso tu, kwa sababu alikuwa na mafua makali. Shangazi alimwombea radhi kwa Fundi pembeni, akasema njiani alikuwa na afadhali.

Nyumba ilikuwa safi mno. Sakafu iling'aa. Mganga alipiga chafya, akaingia chumba cha nyuma na Rangi, akaketi naye kwenye kitanda kwa muda mrefu. Alimuuliza habari za mpira. Alimtazama macho, alimshika mikono inayotetemeka, alimsikiliza. Kisha akamlaza, akamfunika shuka, akaja dukani walipokuwa wanawake wale wawili.

"Huyu hana jini," alisema. "Huyu anaumwa. Dawa zake ziko wapi, na kwa nini hapewi? Leo leo apelekwe hospitali, ana vitu tumboni."

Shangazi alisema haiwezekani, yeye miaka yote amekuwa akisema. Mganga alijifuta pua akamwacha amalize. Halafu akamgeukia Fundi, na sauti yake ikashuka.

"Yupo mmoja humu. Lakini hakumjia mgonjwa. Amekuja kwako. Siku ile ulipochoka sana, ulisema nini?"

Fundi alisema hajamwita mtu. Baadaye, kwa shida, akakumbuka. Ilikuwa siku ya kupiga pasi. Rangi alikuwa amemwaga uji ukutani mara ya pili, na yeye alikuwa amesimama na pasi mkononi, akahisi kwamba akiinua mguu mmoja tu zaidi ataanguka. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeagiza kitu dukani: aje yeyote, hata asiyekuwa mtu, anipokee. Na kuna neno jingine alilisema baada ya hapo, kuhusu lini haya yatakwisha, na namna yanavyoweza kukwisha, ambalo alimnong'oneza mganga sikioni, Shangazi asisikie.

Mganga aliitikia kwa kichwa. Hakuonyesha kushangaa. Alisema wenye wagonjwa wengi hulisema neno hilo, na karibu wote hulisema peke yao, na mahali mtu anapokuwa peke yake kiasi hicho pana nafasi ubavuni mwake ambayo haikai tupu.

"Mfukuze basi," Shangazi alisema.

"Mimi sina uwezo huo. Huyu ameitwa kufanya kazi. Hatoki mpaka kazi ichukuliwe mikononi mwake. Na haitachukuliwa na huyu," alimwonyesha Fundi kwa leso, "maana kesho atachoka tena, na yule atarudi. Aichukue mwingine wa damu. Na atakayeichukua asimdanganye. Hao wanajua uongo wa ndugu kuliko sisi."

Shangazi alianza kusema kuhusu goti lake, kuhusu kuku aliowaacha, kuhusu gari la jioni. Alikuwa bado anasema aliposikia, na wote watatu wakasikia, sauti kutoka bafuni.

"Inama kidogo, mdogo wangu. Inama nikuoshe nywele."

Shangazi alimtazama Fundi. Midomo ya Fundi ilikuwa imefungwa.

"Inama. Bado kidogo. Inama."

Maji yakamwagika. Fundi aliruka, akapita ukumbini mbio, akausukuma mlango wa bafu, na aliyoyaona yalikuwa mambo ya kawaida kabisa, mwanamke ameinama juu ya beseni la kufulia, mkono mmoja ameshika jagi na mkono mwingine umeshika kisogo cha mtu, isipokuwa kichwa cha mtu yule kilikuwa ndani ya maji mpaka mabegani na miguu yake ilikuwa inapiga sakafu. Fundi alimdaka mdogo wake kiunoni akavuta. Hapo hapo mikono ikamlegea. Usingizi ulimshukia mzito na mtamu, usingizi wa miaka yote aliyokuwa akiudai, magoti yakakunjika, akateleza ukutani mpaka chini, na macho yakiwa wazi akashindwa hata kuinua kidole.

"Mwache alale," sauti yake ilisema juu yake. "Nimeshafika mwisho."

"Mama," mganga alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini, "ni wewe au hakuna mwingine."

Shangazi alikuwa mzee, mwoga, na mwenye goti bovu kweli. Alisimama kwenye kizingiti akishikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili, na Fundi, kutoka pale chini, aliona mikono ile ikiachia, mmoja, kisha wa pili. Aliingia. Akaukanyaga ule umajimaji wa sakafuni. Akanyoosha mkono akalishika jagi.

"Nipe," alisema. Sauti haikutoka. Akasema tena. "Nipe. Ni zamu yangu."

Kile kitu kikageuka, na Shangazi akapiga ukelele mdogo. Alikuwa amejiandaa kwa macho mekundu na meno. Kumbe ulikuwa uso wa Fundi, ila ule uliopumzika. Hauna mikunjo, hauna weusi chini ya macho, uso wa msichana aliyelala vizuri kila siku ya maisha yake, na macho yale hayakupepesa hata mara moja. Vidole vyake juu ya jagi vilikuwa vimelowa na baridi kama samaki, na havikuachia.

"Mpaka lini?" kiliuliza.

Miguu ya Rangi ilikuwa inapiga polepole sasa. Shangazi alifungua kinywa kujibu mpaka apone, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema, kisha akamtazama yule kijana, akakumbuka alivyoambiwa, akafunga kinywa.

"Sijui," alisema. "Sijui mpaka lini. Ninachojua leo siondoki. Na kesho nipo."

Kile kitu kilimtazama. Kilimtazama kwa muda ambao Shangazi, kila aliposimulia baadaye, alishindwa kuueleza urefu wake. Kisha vidole vikafunguka, kimoja kimoja, na uzito wote wa jagi ukamshukia yeye, na bafuni hapakuwa na mtu mwingine ila wao na mganga anayekohoa mlangoni. Shangazi alitupa jagi akakinyanyua kile kichwa majini. Rangi alitapika maji, na vifungo pamoja na maji, akavuta pumzi kwa mlio mbaya uliowafanya wote walie.

Hospitali walimlaza. Muuguzi aliyempokea hakuuliza mengi kuhusu vifungo. Alisema ameshaona mpaka funguo. Lakini alipomaliza na mgonjwa alimgeukia Fundi akamuuliza, "Na wewe, unalala?" Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, katika safari zote zile za sindano. Fundi alitaka kujibu kwamba hajambo. Alijikuta ameshika ukingo wa meza ya muuguzi, analia kwa sauti, na yule muuguzi akavuta kiti akakaa.

Shangazi alibaki. Kuku waligawiwa majirani. Alikuwa mlezi mbaya mwanzoni. Aliunguza uji, alikoroma, aligombana na Rangi kuhusu redio kama watoto wawili. Dawa alizitoa kwa saa, huku akinung'unika kwamba bado anaona ni majini tu. Alipochoka alisema amechoka, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani mwenye vyombo, na jirani akaja. Binamu mmoja aliyekuwa haonekani aliitwa akapewa Jumamosi zake. Fundi alijifunza tena kulala, na mwanzoni alilia kila alipoamka, asijue kwa nini. Ile harufu haikurudi.

Miezi ikapita. Rangi alinenepa, akaomba brashi, akaanza kupaka ukuta wa ua sehemu ndogo kila siku.

Asubuhi moja Fundi alimpeleka kliniki kwa sindano. Korido ilikuwa imejaa, kama ilivyo daima, wagonjwa na waliowaleta, wengine wameketi na wengine wamesimama wakiegemea kuta. Rangi alipoitwa ndani, Fundi alibaki amesimama akitazama watu. Mbele yake kwenye benchi alikaa mzee mmoja aliyevaa sare ya udereva, mkoba juu ya mapaja, na binti yake mtu mzima upande mmoja, ameshikilia mkono wa baba yake kwa mikono miwili. Upande wa pili wa mzee palikuwa na nafasi tupu. Watu walikuwa wamesimama na hakuna aliyekwenda kukaa pale.

Walisalimiana. Fundi akamuuliza hali ya mgonjwa, kama watu wa pale wanavyoulizana. Mzee alitabasamu. Macho yake yalikuwa yamezama, lakini alisema sasa kuna afadhali, zamani alikuwa hajui atapata wapi nguvu, peke yake na binti, na gari la watu la kuendesha. Siku hizi mambo yanakwenda tu. Anarudi kutoka kazini anakuta binti ameshakula, nguo zimefuliwa. Hata yeye hajui zinafuliwa saa ngapi.

Binti hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama ile nafasi tupu, juu kidogo, mahali ambapo ungekuwa uso wa mtu aliyeketi, na midomo yake ilikuwa inasema bila sauti, tena na tena, baba, baba, baba.

Fundi alitazama mlango wa kutokea mwisho wa korido. Ulikuwa wazi, na nje jua linawaka, watu wanapita na shughuli zao. Hakuna ambaye angemlaumu.

Akapita katikati ya miguu ya watu, akaomba radhi, akaketi pale.

"Mzee," alisema, na ilibidi akaze meno yasigongane, "nipe huo mkoba nikushikie. Halafu nieleze mnakaa wapi."

Benchi lilikuwa limelowa. Fundi hakuinuka.